Kambare Waliobaki

Dresa, mhudumu wa zahanati, alibonyeza mguu uliovimba wa mdogo wangu, kidole kikaacha shimo. "Amekosa lishe. Mpe samaki, mama," akamwambia shosho, bibi yetu, "la sivyo utamzika." Mama yangu yuko kwenye mashamba ya kahawa mchana kutwa, basi tuliosikia ni sisi wawili.

Kwetu samaki haliwi. Ni ndugu ya nyoka. Tulipofika nyumbani, shosho akasema:

"Hata ningekubali, samaki gani? Wameisha."

Akanisimulia mto wetu, Chania, ulivyokuwa. Shosho yake aliambiwa na shosho yake: tangu zamani hizo hakuna aliyewagusa, wakajaa hadi wasichana wakaogopa kuteka maji. Kisha Wazungu wakatia samaki wao kule juu kwenye baridi, sisi tukakatazwa kukanyaga huko. Huku chini wakajenga kiwanda cha kahawa. Kila msimu maji ya maganda humwagwa mtoni, yananuka, na samaki wanaelea matumbo juu.

Mimi huona haya kusema, hata darasani. Lakini nilikumbuka somo moja. "Shosho, kambare huja juu akavuta hewa. Huenda yeye amebaki."

Tangu vita vya msituni vianze, mtoni tunaruhusiwa saa ya kuteka maji tu, na askari wa kijiji husimama na bunduki. Shosho alijifanya anasuuza debe. Mimi niliingia hadi kiunoni, nikasukuma kiondo, kikapu chetu cha kusuka, chini ya mizizi. Mara ya kwanza, matope. Tena matope. Firimbi ikalia ya kututoa. Nikasukuma tena, kitu kizito kikagonga, nikainua.

"Wewe! Fungua hicho kiondo," askari akasema. Wao hutafuta chakula kinachopelekwa kwa wapiganaji wa msituni. Nilijua akimwaga, kambare atarudi majini.

Nikafungua. Kambare akapiga mkia, ndevu juu. Askari akaruka nyuma.

"Ngai! Shosho, siku hizi mnakula nyoka?"

"Tia mkono upekue basi, si ndiyo kazi yako?"

"Pita! Pita na uchafu wako!"

Tulimchemshia nje, kwenye mkebe, maana shosho alikataa katakata chungu chake kiguswe. Mdogo wangu akakaza meno. Shosho akamega kipande, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna macho ameyafumba.

"Ona. Sijafa."

Mtoto akafungua mdomo. Shosho akatoa mwiba, akamlisha, akamega kingine.