Sukari Iliponiishia Kwenye Ngolo

Naomba mcheke kwanza mmalize, ndipo nisimulie, maana mimi ni mwalimu wa Baiolojia, mwaka wa tisa huu nawafundisha vijana jinsi mwili unavyovunja chakula na kupata nguvu, na ni mimi huyohuyo niliyeokotwa kichwa chini miguu juu shambani kwa wakwe, kwa sababu ya njaa. Tena siyo kwamba chakula hakikuwepo. Kilikuwepo kingi, nikakikataa kwa mdomo wangu.

Mimi ni Mnyasa wa Liuli, na Oliva niliyekuwa nataka kumwoa ni Mmatengo wa Mapera. Barua ya posa ilishapelekwa kwao, ikakaa mwezi mzima bila jibu, mwishowe baba yake akatuma neno kwamba barua ameisoma, ila mtu hasomwi kwenye karatasi, basi huyo mwalimu aje Jumamosi tulime naye. Yaani jibu langu lilikuwa shambani. Na hawa Wamatengo (watani wetu, mnawajua) wanatusema sisi wa ziwani kwamba tunachoweza ni kula dagaa wetu wa usipa na kuota jua mchangani, hivyo nikajiapiza kwamba nikifika nitalima kuliko wao na kula nitakula kama ndege.

Oliva alinionya mapema. "Kula," aliniambia. "Kwetu mtu asiyekula hatumwelewi." Nikamjibu kwamba mwili una akiba yake, na yeye kama mwalimu wa Kiswahili aniachie mimi mambo ya mwili. (Hilo neno nalilipia mpaka leo.)

Ijumaa nilisafiri na Oliva bila kutia kitu tumboni, maana mimi na zile kona za kupanda milimani hatupatani. Jioni Mama Oliva akaandaa ugali wa moto, kuku, na maharage yaliyoungwa kwa karanga. Nikamega matonge matatu, nikanawa. Akaniuliza mbona hivyo, nikasema nimeshiba, akanitazama kidogo kisha akafunika bakuli.

Asubuhi yakaja magimbi na chai. Nikasema asubuhi huwa sili. Baba Oliva akataka kujua mtu atalimaje na tumbo tupu, na hapo, badala ya kunyoosha mkono nichukue gimbi, nikafungua somo. Nikamwambia, Baba, chakula ni kama kahawa yako, huwezi kuinywa ilivyo mtini, sharti imenywe maganda, ichachushwe, ioshwe, ikaushwe, ikobolewe, na ugali nao ni hivyohivyo, unavunjwa mpaka unakuwa sukari, sukari inaingia kwenye damu, kila seli inaipokea inaikata vipande viwili, vipande vinapelekwa kwenye vinu vidogo vya ndani vinavyotumia hewa tunayovuta, na huko ndiko nguvu inakotoka. Sukari ikizidi, ini linaiunganisha upya na kuiweka ghalani, na siku usipokula, ini linafungua ghala. Kwa hiyo mimi ninayo akiba. Mzee alisikiliza vizuri sana, akasema kumbe ini nalo lina ghala. Kosmas, kaka yake Oliva, mtu wa maneno machache, alikuwa anamalizia gimbi la nne.

Sasa kulima ngolo si kama kulima tuta. Majani yaliyofyekwa yanapangwa miraba miraba kwenye mteremko, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika, mpaka kilima kizima kinabaki na mashimo. Wanaume hupanga majani, wanawake huchimba. Mimi nikapanga majani, nikaona sifa hazitoshi, nikachukua na jembe. Akina mama wakaguna. Baada ya saa moja mapaja yalikuwa yanawaka moto, na nilijua kabisa kinachoendelea, kwamba hewa haitoshelezi, misuli imepita njia ya mkato ile inayoacha asidi, lakini kujua hakukunisaidia chochote. Kisha jasho likawa la baridi, nikawa naona akina Kosmas wawili na wote wananishinda.

Mama Oliva akaja na kibuyu cha togwa. Nikasema nimeshiba, Mama. Akaniuliza, kwa upole kabisa, nimeshiba nini. Nikamtajia ini. Akaondoka, nami nikainua jembe, nikapiga hatua moja, na pale nilipotegemea kukanyaga ardhi palikuwa na shimo.

Nilipopata fahamu Kosmas alikuwa amenishika shingo, kibuyu kiko karibu na mdomo wangu, na harufu ya togwa ile nitaikumbuka kaburini. Baba Oliva akaniuliza nina nini. Jibu lilikuwa herufi nne tu, njaa, mtoto wa chekechea angelisema. Mimi mwalimu nikasema:

"Ni sukari tu, Baba. Sukari yangu."

Nilikuwa na maana imeniishia kwenye damu. Lakini nani katika nchi hii akisikia mtu anasema sukari yangu atafikiria ugali? Mama Oliva, ambaye kaka yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, akakipokonya kibuyu.

"Usimpe kitu kitamu, Kosmas. Huyu ana sukari."

Nikajitahidi kusema hapana, imeshuka. Akasema ndiyo hivyohivyo, hupanda na kushuka. Basi dawa yangu ikamwagwa chini mbele ya macho yangu, nikabebwa mgongoni kwa Kosmas kama gunia la mahindi kwenda zahanati, na njia inapita katikati ya kijiji, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ni mkwe, ana sukari. Kanisani wanawake walikuwa wanafanya usafi wa kuandaa Jumapili, wakaacha mafagio wakatoka kunitazama, mmoja akaanza rozari (na mimi Mwanglikana nikaitikia, njaa haina dhehebu). Nilikuwa bado nacheka moyoni mpaka nilipomsikia Baba Oliva nyuma yangu. Hakusema nami, alisema na binti yake aliyekuwa kando yake.

"Ugonjwa si kosa. Kuficha ndilo kosa."

Hapo kicheko kikaniisha, nikaelewa kwamba nampoteza.

Zahanati kulikuwa na benchi zima la akina mama na watoto. Nesi akanichoma kidole, akatazama kipimo, akasema huyu hana kisukari, tena sukari yake iko chini sana, amekula nini? Nikaanza kueleza kwamba kwa kawaida ini linapofungua ghala lake...

"Mwalimu," alinikata, "nakuuliza ulikula nini."

"Matonge matatu."

"Leo?"

"Jana." Benchi lote likageuka kunisikiliza. "Nina njaa," nikasema.

Nesi akanikorogea glukosi kwenye kikombe. Aliyesema ni Mama Oliva, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ningeivumilia.

"Chakula changu kilikuwa na nini, mwanangu?"

Kumbe usiku kucha alikuwa hajalala. Kwao mgeni akikataa chakula, ama anamdharau mpishi, ama anaogopa alichotiliwa, na yule mama alikuwa anajiuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Ndugu zangu, kuanguka shimoni si aibu. Aibu niliionja pale. Nikamwambia ukweli wote, kwamba niliogopa watasema Mnyasa amekuja kula, kwamba nilitaka wanione mwanaume wa kazi ili wanipe Oliva. Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa, kisha akacheka, akacheka mpaka akashika meza ya nesi, akasema sasa mtoto wa watu alitaka kutufia shambani kwa kutafuta sifa.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikiwa na njaa nitasema njaa, mambo ya ini nitawaachia kidato cha tatu, na pale ukweni neno nimeshiba sitalitamka tena.

Maana tuliporudi nyumbani nilikula, jamani. Nilikula ugali, nikala lile bakuli la kuku wa jana, Mama amekaa ananitazama. Sahani ya pili ilipokwisha, Baba Oliva, ambaye jibu la barua ya posa alikuwa bado hajalitoa, akamwambia binti yake bila kunigeukia:

"Oliva, mwongezee mumeo."

Mumeo. Oliva akabaki amesimama na mwiko mkononi, hajui acheke au alie. Mimi nilikuwa nimeshiba, safari hii kweli kabisa, hata kupumua ilikuwa kazi. Nikamsogezea Oliva sahani.