Talaka ya Jukwaani Msambweni

Kilichonitoa nyumbani ni kitabu. Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana hapo Mombasa, na chuoni nilikosomea ualimu nilikuwa nimesoma kitabu kinene cha nadharia za michezo ya kuigiza. Kilinipanda kichwani. Kilinifunza kwamba mwigizaji hodari haigizi, bali anakuwa: akilia alie kweli, akikasirika akasirikie jambo lake mwenyewe. Mke wangu, Salma, alinisikiliza mpaka akaniomba nitafute watu wengine wa kuwaeleza. Kwa bahati rafiki yangu Omari, aliyekuwa akifundisha Msambweni, aliniita likizoni nikawaandalie wanakijiji mchezo. Nilifunga mizigo siku ile ile.

Asubuhi nilivuka kwa feri hadi Likoni, nikapanda basi la kwenda kusini. Tulipofika Ukunda shati langu jeupe lilikuwa limeshakuwa jekundu kwa vumbi. Huko Mwabungo dereva alisimama kununua samaki, akawageuzageuza kama anayechagua mchumba, nasi abiria tukamngoja. Jirani yangu kwenye kiti, mzee muuza kofia, akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kufundisha watu kuigiza.

"Kwani huko hawajui kusema uongo?" akauliza kwa upole.

Nikamweleza nadharia yangu bila kupumua mpaka Gazi, akateremka hapo. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa akienda Msambweni.

Huko Msambweni Omari alinipokea vizuri, akanikutanisha na wachezaji. Nafasi ya mume mkali, anayemwacha mkewe Zena, alipewa Hamisi, fundi cherehani, mtu mwenye sauti ya kuomba radhi. Zena alikuwa Omari mwenyewe ndani ya buibui, maana hakuna mwanamke wa pale ambaye angekubali kupanda jukwaani. Katika mazoezi Hamisi alimwacha Zena kama anayemrudishia mteja suruali iliyombana. Nikaona hapa ndipo kitabu kinapohitajika.

"Usimtazame Omari," nikamwambia. "Mwone mkeo. Sema naye yeye."

"Mke wangu hajanikosea kitu, Mwalimu."

"Basi tafuta alichokukosea."

Akaenda kutafuta.

Siku ya mchezo, baada ya swala ya alasiri, uwanja wa skuli ulijaa, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Zamu ya Hamisi ilipofika alisimama, macho yamemwiva, akanguruma: "Mwanasha, nimekuacha!"

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, na wa mwisho. Mwanasha ni jina la mkewe wa ndoa, naye alikuwa ameketi palepale kati ya wanawake. Mamake akasimama, akamshika mkono, wakaondoka pamoja kuelekea nyumbani kwa mama.

Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba talaka haina mzaha. Mume akiitamka hata kwa kucheka, imepita. Mimi nilipita chuo hicho pia, ila kile cha pili, cha ualimu, kilinisahaulisha. Hamisi aliketi juu ya mbao za jukwaa akalia, na safari hii hakuhitaji mafunzo yangu. Niliona haya hata kumsogelea.

Kesho yake asubuhi tuliitwa kwa Shehe Athumani, mwanachuoni wa pale. Mwanasha na mamake waliketi nyuma ya pazia la mlango. Tuliamkiana, tukakaa.

"Ulitamka neno gani hasa?" Shehe akamwuliza Hamisi.

Hamisi akafungua kinywa.

"Asilirudie," mama mkwe akasema upesi nyuma ya pazia. "Litakuwa la pili hilo."

Hamisi akakiziba kinywa kwa mikono yote miwili. Shehe akanigeukia mimi.

"Basi tutajie wewe, Mwalimu."

"Alisema, 'Mwanasha, nimekuacha.'"

"Na wewe sasa hivi umemwacha nani?"

"Sikumwacha mtu, Shehe. Nimesimulia tu."

"Naam. Anayesimulia neno la mwingine halimfungi. Anayesema lake, hata kwa mzaha, linamfunga. Hebu niambie: kule jukwaani Hamisi alikuwa akisimulia, au akisema lake?"

Jibu la kitabu nililijua kwa moyo. Mwigizaji hodari husema lake. Nikimpa Shehe jibu hilo, Hamisi hana mke.

"Alikuwa akisimulia," nikasema.

"Neno la nani?"

"La mume wa Zena."

"Sasa huyo mume wa Zena, Mwanasha amemkosea nini?"

"Jina la Mwanasha nimelitia mimi, Shehe. Mimi ndiye niliyemwamuru amwone mkewe. Hamisi hakuwa na chake pale, hata ile hasira ilikuwa yangu."

"Basi amesimulia, ila amesimulia vibaya kwa kufundishwa vibaya," Shehe akasema. "Talaka hakuna. Na mchezo ukirudiwa, Zena na aitwe Zena."

Tulikuwa tumeshaanza kunyanyuka Mwanasha aliposema nyuma ya pazia kwamba ana neno.

"Tangu anioe ananiita 'wee'. Akiwa na wageni, 'watu wa nyumbani'. Jana ndipo nilipolisikia jina langu kinywani mwake. Talaka Shehe ameifuta, nimeshukuru. Jina asilifute."

Hamisi aliondoa mikono kinywani. Alitazama chini, akatazama pazia.

"Mwanasha," akasema, kwa ile sauti yake ya siku zote.

Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilitamani, nikajizuia. Mama mkwe alisema haya, nendeni kwenu, naye akaenda kwake peke yake.

Nilirudi Mombasa kwa basi lile lile, nikimshukuru Mungu kwamba jirani yangu wa safari hii alikuwa amelala. Nilikwenda Msambweni nikidhani watazamaji hukaa kutazama, kumbe kule wamekaa kama mashahidi, na kila neno la jukwaani wanalipokea kama limesemwa. Kitabu changu hakikuwa na sura ya jambo hilo.

Jioni nilimsimulia Salma yote, tangu samaki wa dereva. Nilipofika penyewe nikasita.

"Enhe," akasema. "Hamisi akasema nini?"

"Akamwacha."

"Kwa maneno gani?"

Nilikuwa na hukumu ya Shehe mzima kwamba msimulizi hafungwi na neno. Nilimtazama Salma, naye akanitazama.

"Siku Omari akija, muulize yeye," nikamwambia. "Yeye hajaoa."