Mtoto Aliyeandikwa Hayupo

Serikali iliposema shule ya msingi ni bure kwa watoto wote, nilimshonea binti yangu sare, nikampeleka shule hapa Kamina, Kongo. Siku ile ile nilimweleza mwalimu kwamba mtoto huyu ni kiziwi. Mwaka mzima nilimpeleka kwa baiskeli hadi mlangoni pa darasa.

Mwisho wa mwaka bulletini yake, ile ripoti ya shule, ikaja: afukuzwe kwa utoro.

Nilimshika binti yangu mkono, tukarudi darasani. Mwalimu akanifungulia daftari la mahudhurio: hayupo, hayupo, hayupo, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, kila asubui minaita jina yake, yeye iko kimya."

"Mwalimu, mutoto iko kiziwi! Anakaaka hapa mbele yako!"

"Mwenye hajibu, tunaandika haiko. Njo vile sheria inasema."

Watoto wote, watu wa serikali walisema! Na hawakumfundisha mwalimu hata mmoja jinsi ya kumwita mtoto asiyesikia.

Mwalimu akafunga daftari, akampungia binti yangu mkono aje, akamwonyesha ufagio pembeni. Binti yangu akaenda papo hapo, akaanza kufagia, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo mwaka mzima.