Kofia ya Sufu Niliyomfumia Bakari

Nakumbuka ile Ijumaa niliyomaliza kofia ya sufu ya ndugu yangu Bakari. Sikiliza, mwanangu: Bakari alikuwa amepata masomo Ulaya, kwenye baridi ya kufisha masikio ganzi. Hapa Kinondo nani aliijua baridi hiyo? Yetu ni ya mwezi wa saba, unajifunika leso, basi.

Mimi nilikuwa hodari wa kushona kofia za viua, hizi wanaume wanazoendea msikitini. Sifa ya kofia ile ni kukazwa, uuvute uzi mpaka kitambaa kisimame. Kufuma sufu nilijifunza juu juu tu shuleni, lakini ujana, ee, ujana ni moshi, hufumba macho! Nikafuma nyota nyeupe kwenye sufu ya buluu, na kila uzi uliopita nyuma ya nyota nikaukaza kama nilivyozoea. Kwa nje ikapendeza, mashallah.

Shangazi yangu Mwanatumu akaingiza ngumi ndani, kofia ikakataa kutanuka. "Nyuzi za nyuma zimekaza mno. Haimwingii mtu mzima hii. Fumua, mama, siku nne zilizobaki kabla hajasafiri zatosha kuanza upya."

"Shangazi, wewe na sufu wapi na wapi?" Naona haya hata kulisimulia.

Akanitazama. "Haya. Wewe huambiliki."

Nikaifunga kwenye karatasi, nikamwambia Bakari asiifungue mpaka afike. Barua zikaja: "Dada, kofia yako naivaa kila siku." Nami nikizisoma kwa sauti, makusudi, Shangazi asikie!

Alipokuja likizo baada ya miaka mitatu, nikamwambia aivae nimwone. Ikamkaa utosini kama kifuniko cha birika. Masikio yote nje, na la kushoto lina kovu la baridi.

"Mbona hukuniambia?"

Akainama. "Ningekwambiaje, dada? Wewe huambiliki."

Nililia siku ile. Akarudi huko, akaoa, akazeekea huko. Kila Ijumaa hunipigia simu: "Niko salama, dada." Nikishaiweka simu hukaa nikijiuliza kama ni kweli. Nina hamu na ndugu yangu, mwanangu. Sauti yake naisikia, yeye simpati.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe ndilo hili langu. Ukiambiwa fumua, fumua, hata kama umekesha juu ya kazi hiyo. Jizoeze kuambilika, watu wako wakuletee maumivu yao bila hofu. Mtu akikuogopa atakupa maneno matamu tu, na maneno matamu hayamfuniki mtu masikio.

Mola akulainishie moyo, akuwekee karibu uwapendao, na wakae nawe kwa ukweli. Na kama lipo jambo umenificha, njoo, kaa hapa, niambie. Sitakukasirikia.