Miguu ya Kuazima

Kwetu kisiwani hakuna miti. Mtu akitoka kwake asubuhi, umeshamwona, na kabla hujauona uso wake umeshamjua kwa mwendo. Effie, jirani yangu, amepeleka barua katika kisiwa hiki cha Uist, huku Uskoti, miaka thelathini na mmoja, na kwa hilo anatushinda sote. Husimama langoni kwangu, akatazama nukta nyeusi huko mbali kwenye barabara ya ufukweni, akasema, "Yule ni Calum, na viatu vyake vipya vinambana." Calum akifika, kweli anasonya na kuvilaani viatu.

Sasa fikirini wenyewe Halowini inakuwaje mahali kama hapa. Usiku ule wa mwisho wa Oktoba watoto, na wakubwa wasio na haya, hujifunika ngozi za kondoo usoni, huvaa makoti ya wazee wao ya kitambo, wakaingia nyumba hadi nyumba bila kutoa sauti. Kazi ya wenye nyumba ni kukisia. Ukijulikana, unavua ngozi na kupewa karanga na matofaa. Wakishindwa kukujua, unapewa zako na kuondoka umejifunika vilevile, na jina la bingwa utakuwa nalo mpaka Krismasi.

Effie ana mjukuu, Una, mwenye miaka sita. Mama yake Una anafanya kazi kwenye meli ya abiria, wiki mbili majini, wiki mbili nyumbani, na zile wiki za majini mtoto hulala kwa bibi yake. Mguu wa kushoto wa Una ni mfupi tangu kuzaliwa, umefungwa chuma mpaka gotini. Akipita kwenye kokoto, chuma kile husema: kli, ta. Kli, ta. Mtoto mwenyewe ana ulimi kama wembe, na kicheko chake ni kama pampu ya kisima kikuukuu: kinakwama, kinakwama, halafu ghafla kinamwagika.

Mwaka juzi alikuwa mdogo. Mwaka jana ndipo alipokuja kwetu kwa mara ya kwanza kama kinyago kamili, ngozi usoni, mikono ndani ya soksi, amefunga mdomo kabisa. Lakini alipita kwenye kokoto zetu. Mume wangu Murdo, ambaye mdomo wake hujibu kabla kichwa hakijaulizwa, alipaza sauti kutoka kitini:

"Ingia, Una, mlango uko wazi!"

Mtoto hata hodi hakuwa amepiga. Nilipofika mlangoni nilimkuta amesimama, ngozi bado usoni. Hakuivua. Aligeuka akaondoka, kli, ta, na karanga zake zikabaki mezani.

"Sasa nimesema nini kibaya?" Murdo aliuliza. Nilimweleza kesho yake.

Mwaka huu mabata bukini walifika mapema, viazi vikawa vimeshaingia ghalani, na majani ya kilimani yakageuka rangi ya kutu. Effie alileta tanipu kubwa kutoka shambani, ule mzizi wa mviringo ambao kwetu huchongwa taa ya Halowini, akaliweka mezani mbele ya Una pamoja na vijiko viwili.

"La nani hilo?" Una akauliza.

"La kwako. La taa."

"Mimi sitoki mwaka huu, Bibi."

"Nani kasema utoke? Nimesema tuchonge."

Tanipu ni gumu kama kisigino cha mkulima. Walikwangua jioni mbili, nyumba ikanuka kama supu iliyosahaulika, na kijiko kimoja kikapinda shingo. Jioni ya pili, walipokuwa wakitoboa macho, Una akasema bila kuinua kichwa:

"Bibi, wewe unawajua watu wote kwa miguu yao."

"Wote."

"Hakuna hata mmoja usiyemjua?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningeazima miguu yake."

Effie aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakupata usingizi. Nyumba hamsini na mbili, na kila mwendo alikuwa nao kichwani kama anwani. Siku tatu alipeleka barua akitazama watu chini ya kiuno, mpaka mke wa Calum akamuuliza kama amepoteza kitu. Na alijua vizuri kwamba mwendo anaoujua yeye, Murdo anaujua pia. Hakuna wa kuazimwa miguu. Akaanza kupanga maneno ya kumwambia mtoto.

Alhamisi akapeleka kifurushi kwa padri mpya. Padri Fintan alikuwa na wiki tatu tu kisiwani, kijana mrefu kutoka Glasgow, mwenye aibu, ambaye huenda kila mahali kwa kigari chake, hata kanisani, hatua arobaini kutoka mlangoni kwake, kwa kuuogopa upepo wetu. Altareni huwa amefunikwa joho mpaka chini. Effie alisimama pale na kifurushi mkononi, akamtazama miguu.

"Kuna tatizo, Bi Effie?"

"Padri, hebu tembea mpaka dirishani urudi."

Akatembea. Hatua ndefu, magoti juu, kama korongo anayevuka matope. Effie hakuwahi kuuona mwendo ule maishani mwake.

"Padri, una nguvu mabegani?"

"Nilikuwa nabeba mifuko ya saruji kwa baba yangu. Kwa nini?"

Alipomaliza kuelezwa, masikio yalikuwa yamemwiva. "Lakini Bi Effie, mimi ni padri. Watu hata hawajanizoea bado. Watasemaje?"

"Hawatasema kitu. Hakuna atakayekuwaza. Na ukikataa, mjukuu wangu atakaa dirishani usiku ule kuwahesabu wenzake wanaopita."

Padri akapokea kifurushi chake, akakipima mkononi. "Huyo mtoto ana uzito gani?"

Mimi wakati huo sikujua lolote. Siku ya Halowini, giza lilipokwisha kuingia na chai ya jioni tumekunywa, Effie akaja kuazima sukari. Nikampa. Hakuondoka. Alikaa karibu na jiko na kikombe cha sukari magotini, akikishika kama kitaruka.

Simu ikalia, alikuwa dada yangu wa nyumba ya tatu. "Kuna mmoja mrefu anakuja kwenu," akasema. "Sisi ametushinda. Na kwa Calum wameshindwa."

"Mwacheni aje," Murdo akasema nilipomweleza, akivuta kiti katikati ya chumba. "Hajazaliwa wa kunishinda mimi."

Vinyago vitano vikaingia kimya kimya. Wanne Murdo aliwataja kabla hawajajipanga: watoto pacha wawili wa mwalimu, mtoto wa Calum, na binti wa duka aliyesahau kuvua saa yake. Wakavua ngozi, wakakaa chini na karanga zao. Akabaki wa tano.

Alikuwa mrefu mpaka akainama mlangoni. Koti refu la mvua la marehemu mume wa Effie lilimshukia mpaka kwenye vifundo, juu kichwa kidogo cha ngozi ya kondoo, na mikono mifupi ya soksi imeshika taa ya tanipu yenye meno mawili. Akatembea mpaka katikati ya chumba, magoti juu. Chini hapakusikika kitu ila soli za mpira.

Murdo akakuna kidevu. "Rudi mlangoni. Uje tena."

Kikaenda, kikaja.

"Donald wa mashua?"

Kichwa cha ngozi kikatikisika: hapana.

"Yule fundi wa umeme? Hapana, yule anaburuta mguu. Mwalimu? Mwalimu ana tumbo." Akazunguka kile kinyago mara mbili. Sijawahi kumwona mume wangu akishindwa kukisia, na nakiri nilifurahi. Effie alikuwa hapepesi macho.

Mimi nikasema kwa mzaha tu, "Labda ni padri mpya."

"Padri!" Murdo akapiga paja. "Huyu ameingia dakika tano nzima bila neno! Padri angekuwa bado anatusalimia. Jumapili alipoanza kuhubiri, viazi vyangu jikoni vilikuwa vibichi. Alipofika amina, vilikuwa uji!"

Koti likaanza kutikisika. Kwanza tumboni, kama kuna kuku ndani. Mtikisiko ukapanda, taa ya tanipu ikayumba, na kutoka chini ya ngozi ya kondoo kikatoka kitu kilichokwama, kikakwama tena, kisha kikamwagika chumba kizima.

Murdo aliruka kama amechomwa. "Una! Hicho ni kicheko cha Una!"

Ngozi ikavuliwa. Juu kabisa, karibu na dari, uso wa Una ulikuwa mwekundu na nywele zimesimama.

"Umenijua kwa kitu gani?" akauliza.

"Kwa kicheko, mwanangu. Kisiwa kizima kina pampu moja tu kama hiyo."

"Si kwa mguu?"

"Mguu upi? Hiyo miguu sijaiona tangu nizaliwe! Ni ya nani?"

Vifungo vya katikati vikafunguka, na Padri Fintan akatokeza uso, jasho likimtiririka.

"Jioni njema, Murdo," akasema. "Jumapili hii nitaviangalia viazi vyako."

Sitayaeleza mambo ya rangi ya uso wa mume wangu. Watoto walilala sakafuni kwa kucheka, na padri mwenyewe alicheka mpaka ikabidi tumshushe Una kwanza. Effie alikuwa amemwaga sukari yote mapajani na hakuwa na habari.

Una alifika chini, chuma chake kimezungushiwa soksi tatu za sufu. Akazivua moja moja mbele yetu sote, akaenda mezani, kli, ta, akachukua karanga za mwaka huu. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Na za mwaka jana," akasema.

Nikampa, na tofaa juu yake.

Asubuhi Murdo alikuwa anakunywa chai karibu na dirisha. Nje kwenye kokoto nikasikia: kli, ta. Kli, ta. Nikamwona mdomo wake unafunguka. Nikamtazama. Akaufunga. Akaweka kikombe chini, akangoja mpaka hodi ikapigwa mara tatu.

"Nani huyo?" akauliza.



"Kisia," sauti ikajibu nyuma ya mlango.