Mashine Iliuliza Mara Mbili

Nakumbuka Ijumaa moja, Mwanangu, nikiwa msichana wa vidole vyepesi na masikio mazito. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka dogo la kompyuta pale Nyanchwa, na sifa yangu ilikuwa kasi. Watu walisema mashine ikifika kwa Kerubo asubuhi, jioni imepona. Nami nikavimba kichwa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hata mgema Msabato asiyeonja tembo.

Siku hiyo Mwalimu Moraa alishuka kutoka Gesima na kompyuta yake, ameifunga kwa leso. Alikuwa mwalimu mstaafu, na mwaka ulikuwa haujaisha tangu afiwe na mumewe. Mashine ilikuwa inawaka leo, kesho inagoma, akataka niiwekee mfumo mpya wa kuiendesha. Kabla hajaondoka aliniambia kwamba mumewe, Mzee Ombati, aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, alijirekodi humo akiimba besi ili vijana wajifunze, na kwamba sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Nikaitikia ndiyo Mwalimu, ndiyo, huku natafuta sidii ya mfumo kwenye droo.

Labda wewe hujui Ijumaa ya kwetu. Jua likizama Sabato imeingia, na kabla halijazama chakula cha kesho kimepikwa, watu wameoga, kazi zimefungwa. Mama yangu hakutaka kusikia habari za wateja. Jua lilikuwa limekwisha kuegemea kilima, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

Kuweka mfumo kwenye kompyuta, Mwanangu, si uchawi. Ni kuulizwa maswali. Skrini inakuletea orodha, unapanda na kushuka kwa vitufe vya mishale, unachagua, unabonyeza Enta, linakuja swali jingine. Lugha gani? Saa za nchi gani? Mashine iitwe nani? Hapo nikaacha jina lililokuwepo, namba tupu. Kisha ikauliza kuhusu diski: ifutwe yote, au mfumo mpya ukae na faili za zamani ziachwe? Alama ilikuwa tayari kwenye kufuta yote, nikabonyeza. Ikauliza tena kama nina hakika, na safari hii alama ilikuwa kwenye Hapana. Niliisogeza mwenyewe mpaka kwenye Ndiyo. Macho yangu yalikuwa dirishani, yanapima jua.

Nilimaliza jua halijazama, nikafika nyumbani hata mama akanisifu.

Kesho yake kanisani kwaya ikasimama. Wanaume wa besi walipoingia, ndipo nilipokumbuka. Nikaketi wakati watu wote wamesimama. Sabato ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuona. Jumapili asubuhi nilifungua duka nikajaribu kila njia niliyoijua, na nyingine nilizozisikia tu. Mzee Ombati hakuwemo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu nimezeeka na uongo unanichosha. Niliwaza kumwambia kwamba diski ilikuwa mbovu. Nani angejua? Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, nikapanda nayo mpaka Gesima.

Nilimkuta shambani anachuma chai, kikapu mgongoni. Aliponiona hakuuliza habari za safari, aliuliza kama nimemsikia mzee anavyoimba vizuri. Ile sentensi yangu ikaniishia. Nikamwambia nimemfuta.

Aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka mwisho wa mstari. Kisha akageuka.

"Mashine haikukuuliza?"

"Iliniuliza, Mwalimu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi ilikuwa na adabu kukushinda," akasema. "Wewe ulijibu kabla ya kusikia."

Akatua kikapu chini, akajifunika uso kwa leso, akalia. Nililia naye, Mwanangu, nimesimama katikati ya chai sijui mikono niiweke wapi. Alipotulia nikamwambia hata uongo niliokuwa nimeupanga, naye akasema kwamba ningemwambia diski ni mbovu angeniamini, na angeniletea mashine nyingine siku nyingine. Sijawahi kuadhibiwa kwa maneno mazito kuliko hayo, na aliyasema kwa upole.

Wiki ile ile alirudi dukani. Alitaka kazi irudiwe mwanzo, naye akae mbele ya kibodi. Alisoma kila swali kwa sauti, akalitafsiri kwa lugha yetu ya Ekegusii kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wa darasa la kwanza, akafikiri, ndipo akabonyeza. Tulipofika pale mashine iitwe nani, aliondoa kidole kwenye kibodi. Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, lisipotee. Moraa hakuwa na mjukuu bado. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: Ombati.

"Angalau nikiiwasha nitamwona," akasema.

Mwanangu, haraka haraka haina baraka, tuliimba shuleni mpaka tukaacha kuisikia. Basi nakuambia kwa lugha nyepesi. Ukiulizwa, sikia swali mpaka mwisho, hata kama anayeuliza ni mashine. Mtu akikuambia kuna nini ndani ya mzigo wake, acha kutafuta sidii, mtazame usoni. Nakili kwanza, futa baadaye. Na ukiharibu, nenda mwenyewe ukaseme.

Mungu akupe vidole vyepesi na masikio mepesi zaidi. Na siku utakapobonyeza vibaya, maana utabonyeza, akupe miguu ya kupanda Gesima.