Kimo cha Gari la Mama Firdausi

Wanaume waliokuwa wakirudi kutoka msibani Kagerankanda walimkuta Zuhra amelala kifudifudi kwenye tope, kichwa na mabega vimeingia chini ya gari, miguu iko nje, kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Wakadhani amegongwa. Mmoja akamsalimu kwa Kiha kwa sauti ya juu, "Mwakeye, mama! Uko mzima?"

"Mzima," sauti ikajibu kutoka chini ya gari. "Naangalia limekwama wapi."

Mvua za mwisho wa mwaka 2013 zilikuwa zimechimba mifereji ya magurudumu kila upande wa barabara, na katikati likabaki tuta la udongo mwekundu. Gari la Zuhra, Surf ya zamani iliyojaa masufuria na mabeseni ya kupeleka gulioni, lilikuwa limelalia tuta hilo kwa tumbo. Ukikanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka bure kama feni. Kwenye kiti cha mbele mama yake, Bi Siti, alikuwa amekaa wima na tasbihi mkononi. Hakutaka kushuka, maana goti lake la kulia na utelezi vilikuwa havipatani.

Wale wanaume wakaazima majembe nyumba ya jirani, wakalikata tuta, wakasukuma, gari likatoka. Zuhra akawashukuru kwa Kiha, akamkabidhi kila mmoja beseni, akaendesha mpaka gulioni amekunja uso. Bi Siti akadhani mwanawe amekasirika. Kumbe wala. Zuhra alikuwa akiwaza kwamba ameangalia kwa macho yake mwenyewe kule chini na hakuona kitu ila tope, na hilo lilimkera kuliko kukwama kwenyewe.

Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo. Baba yake, Khatibu, fundi cherehani aliyetoka Pangani kijana akaoa Kasulu asirudi tena pwani, siku moja alitoka msikitini akakuta cherehani imefunguliwa vipande vipande juu ya mkeka, na binti yake anamwuliza uzi wa chini unaukamataje uzi wa juu. Alichapwa, kisha akaelezwa. Ukubwani, mume wake Nurudini alipofariki na kumwachia duka la vyombo na gari asilojua hata kuliwasha, mashemeji walishauri liuzwe. Zuhra akajifunza kuliendesha kwenye uwanja wa mpira, watoto wakimshangilia kila lilipozimika. Sasa alikuwa nalo kila siku ya Mungu: dukani, Buhigwe, Muyama, harusini, hospitali kwa ajili ya goti la mama. Halikuwa gari la kuchezea porini. Lilikuwa miguu ya nyumba nzima.

Juma lile lile akaenda gereji kwa fundi Stanislaus, aliyekuwa akilihudumia gari hilo tangu enzi za marehemu.

"Fundi, nataka liinuke."

"Liinuke mpaka wapi, Mama Firdausi?" fundi akauliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Hapo ndipo sijui. Nimekuja tuulizane."

Stanislaus alikuwa na mapenzi ya siri na magari marefu. Macho yakamng'aa. Akamweleza kwamba kuna mfanyabiashara wa maharage Kibondo, Hamis, mwenye Surf kama hiyo hiyo, ameipandisha mpaka ukisimama kando unaona upande wa pili kupitia chini yake bila kuinama. "Kaione kwanza. Ukiipenda, tunafanya kama ile."

Zuhra akaenda Kibondo. Gari la Hamis kweli lilikuwa limesimama kama korongo. Hamis mwenyewe, mtu mcheshi wa kitambi, alimzungusha pande zote akimwonyesha springi ndefu na matairi makubwa, na Zuhra akauliza kila kitu mpaka mwenyeji akaanza kujifuta jasho. Mwishowe akaomba kuendesha.

Kwenye barabara iliyonyooka alijiona yuko ghorofani. Lakini kwenye kona ya kwanza gari lilijilaza upande kama mtu aliyebeba ndoo kichwani akaitwa ghafla, na Zuhra akajikuta amekanyaga breki bila kukusudia.

"Ndivyo lilivyo," Hamis akasema, ameshika mpini wa juu ya mlango. "Unalizoea. Kona unaingia polepole."

"Na huo mlio wa mbele, tak-tak-tak, ukikata usukani?"

"Ah! Hizo ni shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele. Gari likipanda sana zinakaa mshazari, mipira yake inapasuka, vumbi linaingia. Nabadilisha mara kwa mara."

Waliporudi, mke wa Hamis alikuwa anataka kupelekwa sokoni. Hamis akafungua mlango wa nyuma, akatoa kigoda, akakiweka chini. Mkewe akakanyaga kigoda, akapanda, akakivuta ndani nyuma yake kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo miaka mingi. Zuhra akacheka mpaka akashika ukuta. Ila alipokuwa akirudi Kasulu hakumdharau Hamis. Mtu yule aliingia mashambani kusikokuwa na njia kabisa, peke yake, akapakia magunia. Kwake kimo kile kilikuwa halali. Yeye alikuwa na mama wa miaka sabini na kitu pembeni yake.

Hapo ndipo jambo likazidi kumkaa kichwani. Kila aliyekutana naye mwenye usukani alimwuliza. Kwenye soko la karibu na kambi ya Nyarugusu, ambako alikuwa akiwauzia mabeseni akina mama wa Kikongo, alimkuta Anaclet, mkimbizi aliyewahi kuendesha lori la maharage upande wa Fizi, kwao Kongo, kabla ya vita kumtoa. Sasa aliuza sabuni na chumvi. Akamsikiliza Zuhra kwa makini, mikono nyuma.

"Mama, hiyo gari inagusaka wapi?"

"Chini."

"Chini ni kubwa, mama. Inagusaka mbele, katikati, ao nyuma?"

Zuhra akageuka kulitazama gari lake.

"Basi utapandisha nini," Anaclet akasema kwa upole, "kama haujajua penye inagusaka? Labda resori zimechoka tu." Akabonyeza hewa kwa viganja, juu chini, kuonyesha springi.

Zuhra alirudi nyumbani na swali hilo. Asubuhi akakoroga chokaa iliyobaki ya kupaka ukuta wa uani, akatandika gunia, akaingia chini ya gari na brashi. Akapaka kila kilichoning'inia: bomba la moshi, chuma cha katikati, tairi la akiba lililofungwa chini nyuma, ndoano ya kuvutia, na lile bonge la difu, sanduku la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Bi Siti akatoka na chai akakuta miguu ya mwanawe tena.

"Zuhra, unapaka gari chokaa?"

"Tumbo tu, mama."

"Haya. Watu wakiuliza nitasema ni dawa."

Akaliendesha tupu njia yake ya kila siku, akarudi, akachungulia. Chokaa karibu yote ilikuwepo, ila difu ilikuwa na mkwaruzo tumboni. Kesho yake akalipakia masufuria kama siku ya gulio, mama akakaa mbele, wakapita njia ile ile. Safari hii alipoingia chini alikaa muda mrefu. Katikati kweupe. Mbele kweupe. Nyuma, tairi la akiba na ndoano vilikuwa vimekwanguliwa mpaka chuma kinang'aa, na mkwaruzo wa difu ulikuwa vile vile.

Stanislaus alipoitwa naye akalala chini, wakawa wawili. Akacheka peke yake. "Limekaa kitako. Mzigo wa vyombo miaka yote hii umezichosha springi za nyuma. Nami nililitazama likiwa tupu tu, ndiyo maana sikuona."

"Kwa hiyo nisiliinue?"

"Uliinue, ila si kwa kiu yangu ya magari marefu." Akaketi juu ya gunia. "Nyuma tuweke springi mpya, imara kuliko hizi na ndefu kidogo, na shokapu za kulingana nazo, maana shokapu fupi kwenye springi ndefu inafika mwisho wake kila shimo, inagonga. Mbele hakuna springi za kujiviringa, kuna fito mbili za chuma zinazojipinda. Tunazikaza kidogo tu, mbele pasibaki chini. Tukizikaza sana, utapata ule mlio wa Hamis."

"Na difu itapanda?"

"Hiyo haipandi hata uweke springi za treni. Imekaa katikati ya magurudumu. Kinachoibeba ni tairi. Springi zinapandisha mwili wa gari, si ekseli, huo mhimili wa magurudumu."

Zuhra akamtazama kama aliyeambiwa habari ya ndugu asiyemjua. Akarudi chini kuhakikisha. Ni kweli: ekseli ilikuwa imekaa juu ya matairi, na nyuma yote ya gari ilikuwa imekaa juu ya ekseli kupitia springi. Alikuwa amelitazama tangu jana na hakuwa ameliona.

Ikabaki "kidogo" ni kiasi gani. Hilo Zuhra alisema litaamuliwa na Bi Siti. Wakamleta gereji. Stanislaus akaweka ubao mnene chini ya kila gurudumu, akalipandisha gari juu yake.

"Panda, mama."

Bi Siti akashika mlango, akainua mguu mzima kwanza, akajivuta, akakaa. "Mbona rahisi."

Akashuka. Ubao wa pili ukawekwa juu ya wa kwanza. Bi Siti akainua mguu, akaufikisha kwenye kikanyagio, goti bovu likakataa kumbeba. Akaurudisha chini, akavuta ushungi wake.

"Hapa, mwanangu, nitabaki nyumbani."

"Hutabaki nyumbani," Zuhra akasema. "Fundi, ubao mmoja."

"Hata huo mmoja tusiumalize wote," Stanislaus akajibu, na hapakuwa tena na tamaa ya magari marefu usoni mwake. Naye alikuwa ameingiwa na hamu ya kuona itakuwaje.

Springi na shokapu zilitoka Mwanza kwa basi. Kazi ikafanyika mchana kutwa, Zuhra amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiuliza. Siku ya kwanza barabarani gari lilikuwa gumu, likirukaruka likiwa tupu, na Bi Siti akalalamika kwamba meno yanagongana. Zuhra akajua ndiyo bei ya springi imara, akapunguza upepo wa matairi kiasi, ikavumilika. Jioni moja kila gari lililokuja mbele likawa linamwashia taa kwa hasira. Alifikiri mlango umefunguka. Kumbe fito za mbele zilipokazwa, pua ya gari iliinuka na taa zake zikaanza kumulika machoni mwa watu. Stanislaus akaziinamisha. Matairi ya mbele yakaanza kulika upande wa ndani. Zuhra akalipeleka Kigoma mjini kunyooshwa magurudumu, jambo ambalo fundi alikuwa amemwonya asilisahau na yeye akalisahau.

Masika yalipochachamaa mwaka 2014, wakashika tena njia ile ya Kagerankanda na mzigo kamili. Tuta lilikuwepo, refu kuliko awali. Zuhra akasimama, akashuka, akalitazama, akafikiria difu yake iliyobaki pale pale ilipozaliwa. Akarudi ndani, akayaelekeza magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta lenyewe na ya upande mwingine ukingoni mwa barabara, akauacha mfereji mmoja ubaki katikati chini ya gari. Gari likainama. Bi Siti akashika dashibodi. Kwa chini ukasikika mkwaruzo mfupi, kisha ukaisha. Wakatokea upande wa pili.

"Limegusa," Zuhra akasema.

"Lakini tumepita," mama akamjibu. Kisha, kama mtu aliyekuwa akilishikilia swali tangu zamani, akauliza: "Hivi hizo shokapu, ndani kuna nini? Springi naiona. Hizo zimezibwa."

Zuhra hakujua. Walipokuwa wakirudi Kasulu hawakwenda nyumbani, walipitia gereji. Stanislaus alikuwa bado na shokapu kuukuu, amezitupa kwenye pipa. Akaibana moja kwenye jiriwa, akaitoboa tundu kwanza, mafuta meusi yakachuruzika kwenye kopo. Yalipoisha akaikata kwa msumeno wa chuma, polepole, huku Bi Siti ameletewa kiti karibu. Ndani mlikuwa na fimbo, na mwishoni mwa fimbo kisahani chenye vitundu vidogo.

"Gari likiruka, kisahani kinasukuma mafuta," Stanislaus akasema. "Mafuta hayana njia ila hivi vitundu. Yanapita kwa shida. Ndiyo maana gari halidundi kama mpira."

Bi Siti akachovya kidole kwenye kopo, akasugua mafuta kati ya vidole viwili, akayanusa. Akachukua kile kisahani, akakiinua kuelekea mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja na kuchungulia tunduni. Zuhra akasogea nyuma yake, akangoja zamu.